Mwalimu wa "Inaishia Wapi?"

Mtu wa kwanza niliyemwona akivua viatu kwa heshima ya kompyuta alikuwa Mwalimu, hapa barazani kwangu Ukunda, na nilidhani jua limempiga. Alisimama mlangoni pa chumba changu cha mbele, kile kinachotazama barabara, akapangusa nyayo zake kwa kitambaa, kisha akaingia polepole kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto mchanga. Nikamwuliza, "Mwalimu, humo ndani mna nini cha kuogopwa?"

"Mchanga, Bibi," akasema. "Sisi twauona mchache. Mashine yauona shamba zima."

Basi ikawa sheria. Kila mwanafunzi alivua viatu, wa kike na wa kiume, na aliyekuja peku alinawa miguu kwenye bomba la uani. Jirani zangu walipoona viatu vimejaa mlangoni waliingia na nyuso za msiba, wakaniuliza nani kafa. Nikawaambia hakufa mtu, watoto wanasoma C.

Hiyo C ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Jina lake ndilo hilo, herufi moja tu, kama kwamba aliyeizaa alichoka kabla ya kulimaliza. Mimi elimu yangu ni chuo cha Kurani huko Kinondo nilipokuwa msichana, na baadaye gumbaru, darasa la watu wazima, nilikojifunza kuandika haya. C siijui. Lakini miaka ile ya mwishoni mwa tisini nilikaa chini ya dirisha la darasa lake nikisuka ukili wa mikeka, na masikio sikuyaziba.

Jina la Mwalimu nalijua. Sikulitumia akiwa hapa, na sitaanza leo. Alikuwa mtu wa bara, katika wale waliopewa mashamba huko juu Shimba Hills, Mkristo, mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kuchungulia. Habari za baba yake na babu yake hamtazipata kwangu. Mimi nitawapa nilichokiona.

Nilichokiona kwanza ni vifungo. Mtu huyu aliweza kutazama maandishi yaliyojaa kioo kizima cha kompyuta akasema, "Pale chini umesahau nukta," na kweli nukta haipo. Lakini shati lake lilifungwa kombo kila siku ya Mungu, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Nikimwambia, hutazama kifuani, hushangaa, hushukuru, na kesho yake yale yale. Alikuwa na subira ya ajabu kwa mashine. Ikigoma, hukaa nayo, akaibembeleza, akaifungua tumbo, akaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Kwa mbuzi hakuwa na subira hata tone. Mbuzi wa jirani akichungulia darasani, Mwalimu hutoka mbio peku na rula mkononi, na wanafunzi hupata mapumziko.

Bahari aliiogopa. Miaka yote aliyokaa hapa sikumwona amelowa hata kifundo cha mguu. Pweza hali, alisema mnyama mwenye akili kiasi kile si wa kutiwa nazi. Lakini Ramadhani ikiingia, Mkristo huyu hakutia kitu mdomoni mchana mbele ya wanafunzi wangu, hata maji. Nasema wanafunzi wangu kwa sababu chumba ni changu. Jua likizama yeye ndiye wa kwanza kuuliza kaimati zimeiva.

Na neno lake lilikuwa moja: "Inaishia wapi?"

Aliliuliza kwa kila kitu. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwita Bwana Inaishia Wapi, akiwa hapo hapo anawasikia, naye huitika. Siku moja alisimama na mimi kwa muuza samaki pale njia panda. Muuzaji ameweka changu wawili ubavu kwa ubavu juu ya jani la mgomba, anaapa kwamba huyu wa kulia ndiye mkubwa.

Mwalimu akainama. "Huyu wa kushoto anaishia wapi?"

"Anaishia hapo, Mwalimu, si wamwona?"

"Naliona jani. Mkia sijauona."

Akaliinua jani kwa kidole, na mkia wa yule wa kushoto ukachomoza, umekunjwa chini kama mkeka. Yule muuzaji hakukasirika hata. Alisema, "Nyinyi watu wa kompyuta mwaharibu biashara," akanipa wa kushoto.

Na ulipofika wakati wa kura, mtu mmoja akaja na kipaza sauti kutuahidi barabara ya lami. Itapita hapa, itapita pale, itafika kila mlango. Mwalimu akanyoosha mkono nyuma kabisa. "Samahani, mheshimiwa. Inaishia wapi?" Uwanja ukaangua kicheko. Mheshimiwa naye hakuwa bubu, akajibu, "Itaishia mdomoni mwako, bwana, ili upate kuufunga!" Mwalimu alicheka kuliko wote. Hilo nalo nililipenda kwake: alikubali kuchekwa.

Lakini msidhani neno lile lilikuwa mzaha. Lilikuwa ndilo somo lake, na aliyelielewa alikuwa amefika nusu ya safari. Nitawaeleza nilivyolisikia dirishani.

Kompyuta ina kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ni vyumba vidogo vidogo vimepangwa safu moja, ukuta kwa ukuta, na kila chumba hukaa herufi moja. Ukimpa jina Juma, basi Juma amechukua vyumba vinne, jina jingine lina vyumba vyake mahali pengine. Sasa wataka kujua kama majina mawili ni sawa. Waiambia mashine: anza hapa kwa huyu, anza hapa kwa yule, tembea chumba kwa chumba, uniambie kama wanafanana. Kuna neno lake la Kizungu la amri hiyo, limebanwa herufi kama limekanyagwa na lori, sitajaribu kuliandika. Shida ni kwamba mashine haijui jina linaishia wapi. Wewe ndiye wa kuiambia itembee vyumba vingapi. Na kama jina moja ni fupi na jingine ni refu, je?

Siku ya somo hilo Mwalimu alitoka peku akanijia barazani. "Bibi, niazime kili zako mbili. Moja fupi, moja ndefu."

Nikampa. Ukili ni ule utepe uliosukwa wa miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, na mkeka ni kili zilizoshonwa pamoja. Zile mbili zilikuwa za nakshi moja, nyeusi na nyekundu. Akazilaza sakafuni, juu ya mkeka wangu wa zamani, akamwita msichana mmoja apige magoti, aweke dole gumba moja kwenye ukili huu na jingine kwenye ule, atembee nayo sambamba.

"Nyeusi, nyeusi. Nyekundu, nyekundu," msichana akawa anasema. "Nyeusi, nyeusi…"

"Endelea."

"Nyekundu, nyekundu."

"Simama. Dole lako la kushoto liko wapi?"

Msichana akatazama. Ukili mfupi ulikuwa umekwisha zamani. Dole lake lilikuwa linatembea juu ya mkeka wa sakafuni, na ule mkeka nao, kwa bahati, ulikuwa na nyeusi na nyekundu. Darasa zima likacheka.

"Msicheke," Mwalimu akasema. "Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu leo limejibu sawasawa. Umetoka nyumbani kwa mtu ukaingia kwa jirani, ukasoma vya jirani, vikafanana. Kesho jirani atahama."

Msichana yule alikuwa Mwanakombo, mjukuu wangu. Mama yake ni marehemu. Nimemlea mimi, kwenye miyaa hii hii, na kabla hajajua kushika kalamu alijua kushika ukili.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani. Mwanangu wa kiume, mjomba wake, ana duka Lunga Lunga, mpakani, la mafuta ya kula na sabuni na kandambili. Alimtaka msichana akauze pale. Simlaumu, duka lilikuwa na kazi na yeye ni mwenye mji. Lakini Mwanakombo alipoingia chumba kile cha mbele mara ya kwanza, akaketi mbele ya kioo, nilimwona usoni. Nimezaa, nimezika, nauona uso wa mtu aliyefika kwao. Nikamwambia mwanangu, mwache asome. Akasema, "Mama, asome mpaka lini?" Tukavutana, tukakubaliana: Mwalimu akimpatia kazi ya mashine kabla ya Idi, abaki. Asipopata, afunge kibegi aende Lunga Lunga, na mimi nisitie neno. Na mimi kutotia neno ni jambo zito, waulizeni watu.

Kazi ya mashine ilikuwa wapi? Hapo ndipo ukaidi wa Mwalimu ulipotutesa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na chuo kingine, kimepakwa rangi, kikifundisha kupiga chapa, na ukimaliza wapewa cheti chenye utepe wa dhahabu. Watu walijaa huko. Kwa Mwalimu walibaki wachache, wale wakaidi kama yeye. Nilimwambia waziwazi, "Fundisha chapa, Mwalimu. Nani Ukunda anataka C?"

"Nani Ukunda ameulizwa?" akasema.

Na wanafunzi wenyewe hakuwasifu. Nimemsikia akimliza kijana mkubwa mwenye ndevu kwa nukta moja. Mtu akifanya jambo la kupendeza kabisa, kubwa analopata kwa Mwalimu ni "Imeishia vizuri," na kichwa keshakigeuza. Hilo sikulipenda wakati ule na sijalipenda sasa.

Lakini nieleze jambo jingine, mjue mtu mwenyewe. Kabla ya mapatano hayo uliingia ule mwaka wa vurugu, watu wa bara walipotishwa wakafukuzwa, na wengine walipoteza zaidi ya nyumba. Habari zilipofika hapa kwamba kumekucha Likoni, Mwalimu alikuwa darasani. Wenzake walikuja na gari dogo wakampigia kelele, akatoka mbio vile vile, akapanda. Gari lilipopinda ndipo nilipoona viatu vyake mlangoni.

Mashine nilizifunika leso zangu, kila moja ya kwake. Chumba nikakifunga. Viatu niliviacha pale pale mlangoni, mbele ya macho ya watu, nikawa navipangusa vumbi asubuhi kama mtu anayefagia mlango wake. Jirani mmoja akanijia, "Yule hana kurudi. Toa takataka zake upangishe."

"Viatu vya mtu viko mlangoni," nikamwambia. "Mwenye viatu yumo."

Alirudi mambo yalipotulia, amekonda. Alisimama barazani akavitazama vile viatu, akainama akaviweka sawa kidogo, ingawa vilikuwa sawa. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, Mwalimu. Mbuzi wamekuulizia." Akaingia ndani. Nilisikia akifunua leso moja moja na kuzikunja, na alipozileta zilikuwa zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Shati lilikuwa kombo.

Ni mwaka uliofuata ndipo ikaja habari ya hoteli. Hoteli moja ya Diani, ya zile zenye nyasi zinazonyweshwa kuliko watu, ilichukua vibarua wengi msimu wa wageni. Meneja alitaka kompyuta yake imwambie, mtu akitaja jina, kama ameshaandikishwa au ni mpya. Mwalimu akamwambia anaye mtu wa kuifanya, na mtu mwenyewe ni msichana. Meneja akasema sawa, alete tuone. Kazi ikienda, tutambakiza ofisini.

Mwanakombo akaiandika hiyo programu, na Mwalimu akaijaribu. Akaijaribu kwa majina ya watu wa kwao, ya watu wa darasani, kila mtu na majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ikajibu sawa. Siku ya kwenda Diani, Idi imekaribia, na mwanangu ameshafika kutoka Lunga Lunga, ameketi barazani, kibegi cha Mwanakombo kiko miguuni pake.

Nilikwenda nao. Mjukuu wangu haendi hotelini peke yake, hata na Mwalimu. Nilibeba miyaa yangu ili mikono isikae bure.

Soja wa geti akanisimamisha. "Bibi, hapa si sokoni. Hilo tita la miyaa walipeleka wapi?"

"Nalipeleka kwa meneja wako. Ameniomba nimfunge mdomo anayeuliza sana getini."

Akatufungulia huku akicheka. Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine kama ndani ya kaburi. Meneja alikuwa mtu wa Nairobi, kijana, hana ubaya, ila miguu yake haitulii. "Haya Mwalimu, tuone hiyo maneno," akasema, na akaita watu wawili wa bustani wasimame mbele ya meza.

Wa kwanza, "Juma Ali." Mwanakombo akaandika. Mashine ikasema mpya. Vizuri.

Wa pili, mwenye ndevu, "Juma Ali Mwinyi." Mwanakombo akaandika. Mashine ikasema: yumo tayari.

"Nimo wapi?" mwenye ndevu akauliza. "Mimi ndiyo kwanza naingia!"

"Umo ndani yangu," Juma Ali wa kwanza akasema. "Basi na ujira wako nitapokea mimi."

Meneja hakucheka. "Mwalimu, mashine yako inasema hawa ni mtu mmoja. Mmoja ana ndevu."

Nilimwona Mwanakombo akiganda. Nikaona Lunga Lunga yote usoni mwake, na sabuni, na kandambili.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana mimi nilikuja kukielewa baadaye. Watu wetu hawajitaji majina kwa urefu mmoja. Ukiulizwa, wasema jina lako na la baba. Wakikuchanganya na mwingine ndipo wamtaja babu. Mwalimu ni mtu wa kitambulisho, hilo halikumjia. Na Mwanakombo aliogopa sana lile dole la kushoto lililotoka nje ya ukili likatembea sakafuni. Alikuwa amejiapiza halitatoka tena. Akafanya anachofanya kila mtoto wa nyumba yangu akipewa kili mbili zisizolingana: alikata ncha. Ile ndefu huikata ilingane na ile fupi, kisha hushona. Mkeka hutoka sawa, na nitabishana na yeyote. Lakini jina si ukili. Alimkata Mwinyi mzima akabaki Juma Ali, akamlinganisha na Juma Ali, na bila shaka wakafanana.

Mwalimu alikuwa ameshaliona. Nilijua kwa shingo, ilirefuka. Angeweza kuinama pale akagusa vitufe viwili vitatu tukaenda zetu. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akaingiza viganja vyake vyote viwili chini ya mapaja. Aliikalia mikono yake, wallahi.

"Hata mimi hili nililipita," akamwambia meneja. "Nilijaribu nikasema ni sawa, na si sawa. Mwache alirudie."

"Wewe huwezi kurekebisha?"

"Naweza."

"Basi rekebisha tuendelee, Mwalimu, nina wageni."

"Nani anaomba kazi hapa, mimi au yeye?"

Meneja akatazama saa. Mimi nikafungua mdomo, na Mwalimu akasema bila kugeuka, "Bibi, nakuomba." Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuninyamazisha maisha yake yote. Nilinyamaza.

Mashine ya baridi inavuma. Mwanakombo akageuka polepole kwa yule mwenye ndevu, akamwuliza kwa adabu, "Baba, jina lako linaishia wapi?"

"Hapo kwa Mwinyi, mwanangu. Ila baba yake Mwinyi yuko ukimtaka, na babu yake pia."

Wale wa bustani wakacheka, na Mwanakombo akacheka nao, na katikati ya kicheko akageukia kioo ghafla. Kisha vidole vikaanza. Hakukata tena. Alipita kwa urefu wa yule mfupi, na wakitoka sawa mpaka hapo, aliuliza kwanza kama wote wawili wameishia. Kama mmoja amebakiwa na vyumba, hao si mtu mmoja.

Juma Ali: yumo. Juma Ali Mwinyi: mpya. Juma Ali Mwinyi tena: yumo.

"Nimekuwa mtu," mwenye ndevu akasema.

Meneja akajaribu la kwake, akalikata nusu, akalirefusha, akajaribu mpaka miguu yake ikatulia. Akasema, "Aje Jumatatu."

Njiani nilimngoja Mwalimu amsifu. Tulipita viduka vya vinyago, tukapita msikiti. Tulipofika barabara kuu ndipo akasema, bila kumtazama, "Imeishia vizuri." Mwanakombo alitabasamu kama amevishwa dhahabu. Mimi nilichemka.

"Mwalimu, mimi punda wangu wa maji humwambia ahsante. Huyu umempa maneno mawili!"

"Ndiyo niliyo nayo, Bibi."

Nyumbani mwanangu alikuwa pale pale. Mwanakombo alimwamkia mjomba wake. Alichukua kibegi akaingia nacho chumbani, tukamsikia akifungua zipu. Mwanangu akaniangalia. "Na mimi dukani nitamweka nani?"

"Jiweke mwenyewe," nikamwambia.

Darasa halikuishi muda mrefu baada ya hapo. Chuo cha utepe wa dhahabu kilimeza wanafunzi wote. Asubuhi moja nilikuta chumba kitupu, kimefagiwa, hamna punje ya mchanga, na ufunguo umewekwa ndani ya pakacha langu la miyaa. Safari hii viatu alivaa. Mtu aliyewauliza samaki na waheshimiwa wanaishia wapi, alipofika mwisho wake mwenyewe alitoroka kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanakombo alilia siku nzima. Mimi nililaani, kisha nikamwombea dua, kisha nikalaani tena.

Sikumwona mpaka ule mwaka wa kuelekea elfu mbili ulipokuwa unakwisha. Mnakumbuka watu walivyotiwa hofu, kwamba kompyuta zote zitachanganyikiwa tarehe zikigeuka, ndege zianguke, taa zizime. Hoteli zilitafuta watu wa kuja kuzitazama mashine zao, na ile ya Diani ikamwita Mwalimu kutoka alikokuwa. Alasiri moja nikainua macho kwenye ukili, namwona barazani anavua viatu. Chumba cha mbele siku hizo kilikuwa cha fundi cherehani, kimejaa vitambaa, hakina mashine ya kuheshimiwa. Alivivua tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwizi wa kuondoka. Keti."

Akaketi mkekani. Mvi zimeingia pembeni. Nikamletea kaimati za moto, nikamwuliza mashine za hoteli amezionaje.

"Sikuwa na la kufanya," akasema. "Mwanakombo ameshazipitia zote, moja moja. Amekuta mambo mawili ambayo mimi nisingeyaangalia."

"Ukamwambia?"

"Alikuwa ameitwa huko mbele. Sikumkuta."

"Hukumngoja."

Akatafuna. Nikaweka ukili chini. Nilikuwa nimelingoja swali hili tangu siku ya meneja, na mimi si mtu wa kuzunguka mti. "Mwalimu, niambie leo. Wewe na mjukuu wangu, nikiwalaza ubavu kwa ubavu kama kili zangu zile, inakuwaje?"

Alipangusa sukari vidoleni. "Mwanzo tuko sawa, Bibi. Nyeusi kwa nyeusi, nyekundu kwa nyekundu. Sawa sawa mpaka pale ninapoishia mimi." Akatazama barabarani. "Kisha yeye anaendelea."

Nikauokota ukili wangu nikaanza kusuka. Nikamwambia, "Hayo usiniambie mimi. Karibu atoke kazini. Mwambie mwenyewe."

Mnajua alifanya nini? Aliinuka. Mtu mzima, mvi kichwani, akaanza kusema gari la Msambweni litamwacha, salamu nyingi, siku nyingine. Akafika mlangoni akatazama chini. Akatazama nyuma ya mlango. Akatazama chini ya kiti cha fundi cherehani.

"Bibi. Viatu vyangu viko wapi?"

Mimi nasuka tu. Pakacha langu la miyaa liko mapajani, na lilikuwa zito kuliko kawaida.

"Bibi, nakuomba."

"Neno hilo lilikufaa hotelini. Hapa kwangu halifanyi kazi."

Na papo hapo tukasikia hodi, na Mwanakombo akaingia na mkoba wake wa ofisi, akamwona, akasimama. Mwalimu alikuwa amesimama peku katikati ya baraza, shati limefungwa kombo, mikono haijui pa kukaa, na kiti pekee cha kuikalia kilikuwa na fundi cherehani.

Akamwambia. Maneno yale yale aliyoniambia mimi, mbele yangu na mbele ya fundi cherehani, bila kukata ncha.